Sala ya Kurasa Mbili

6 Machi

Binti yangu,

Nakusalimu nikitumaini kwamba wewe na mumeo hamjambo, na kwamba kupiga pasi mashuka ya hoteli hakujakuvunja mgongo. Mimi ni mzima, isipokuwa nina uvimbe shingoni. Daktari ataukata Jumanne, tarehe 18. Hajui kama ni mbaya, atajua akishaupima.

Usihangaike. Nimefundisha darasa la ubatizo miaka thelathini na mmoja. Sitatapatapa kama mtu asiyejua Maandiko. Nimeandika sala ya kurasa mbili, nitaisoma kabla ya kupasuliwa. Nakuletea nakala. Uniambie kama nimesahau jambo.

Baba yako

11 Machi

Baba, shikamoo.

Sisi hatujambo. Mgongo upo, unalalamika kama kawaida yake. Habari ya uvimbe imeninyima raha.

Sala nimeisoma mara tatu. Umemtajia Mungu sifa zake zote, naye anazijua. Hujamwambia kwamba unaogopa.

Nilipokuwa na miaka kumi, mama akiwa mgonjwa, niliomba mezani: "Mungu, mama akifa nitakukasirikia." Ulinikatiza, ukasema Mungu haambiwi hivyo, ukanitungia sala nyingine niifuatishe. Mama alipona, lakini mimi sikuomba tena mbele yako. Huomba nikipiga pasi. Humweleza Mungu hata jinsi msimamizi wetu anavyonichosha. Sijui nusu ya unayoyajua juu yake, Baba, lakini tunazungumza.

Usinikasirikie.

Mwanao

21 Machi

Binti yangu,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi ni salama, tena kuliko nilivyostahili.

Nilikukasirikia. Barua yako niliitia chini ya kamusi, nikakusudia kutoijibu.

Jumanne nililazwa juu ya kitanda cha magurudumu, sala yangu mkononi. Muuguzi akasema, "Babu, miwani na meno ya bandia vinabaki huku." Akavichukua, akaniacha ukumbini kusubiri zamu yangu. Nikainua karatasi, nikaona ukungu mtupu. Nikajaribu kukumbuka mwanzo wa sala niliyoitunga mwenyewe. Sikupata hata neno. Ndipo nilipogundua kwamba, kurasa zile zikiondolewa, sina la kumwambia Mungu. Jambo hilo lilinitisha kuliko kisu.

Nikasema kwa kinywa changu cha kibogoyo: "Baba, naogopa. Usiniache."

Sikuongeza kitu. Sikusikia sauti, wala sikuona nuru. Ila nilijua nimesikiwa, kama ujuavyo kwamba kuna mtu chumbani kabla hujageuka.

Jana daktari aliniambia kwamba uvimbe haukuwa mbaya. Nimeshukuru sana. Lakini utulivu ulitangulia majibu. Nataka ulijue hilo.

Kuhusu siku ile mezani, nisamehe. Mungu alikwisha kukusikia kabla sijakusahihisha.

Baba yako

27 Machi

Baba, shikamoo.

Hatujambo, na leo mgongo wenyewe umenyamaza. Nimesoma barua yako kazini, nikalidondoshea machozi shuka nililokwisha kulinyoosha, ikabidi nilipige pasi upya. Msimamizi ameuliza kuna msiba gani. Nimemjibu kwamba baba yangu amepona.

Nilikwisha kukusamehe. Sasa utawaambia nini wanafunzi wako?

Mwanao

7 Aprili

Binti yangu mpendwa,

Nawasalimu nyote wawili. Kidonda kinafunga vizuri, ila bado sigeuzi shingo. Watu wakiniita hugeuka mzima mzima kama kabati.

Swali lako lilininyima usingizi. Darasa lile ndiyo heshima pekee niliyo nayo hapa mtaani. Hata hivyo, jana nilisimama mbele yao nikasema kweli: kwamba habari za Mungu nimewafundisha miaka yote hii, lakini yeye mwenyewe nilikuwa sijawahi kumsemesha kwa maneno yangu.

Nikangoja wainuke waondoke.

Muuza mkaa, mama mmoja akaaye mstari wa mbele, akanitazama kwa huruma. "Pole, Mwalimu," akasema. "Sisi tulidhani mnajuana."

Darasa zima likacheka, nami nikacheka mpaka mshono ukanivuta. Nikamjibu kwamba tumeanza kuzungumza juzi juzi tu, na kwamba ananivumilia.

Baba yako