Kisanduku Kilichosema Kimeshiba

4 Juni

Kwa Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi hapa nyumbani hatujambo. Baba mzima, ila goti bado linamsumbua akiinama, na kuku wako mweupe anaendelea kutaga kwenye beseni la kufulia. Wewe je? Macho yako yanaendeleaje na hizo simu unazozifungua kutwa?

Najua ungependa nikupigie. Lakini nikipiga nitasema "ndiyo" na "haya", halafu nitakata. Unanijua. Kwenye karatasi nina maneno.

Dereva wa lori la vitunguu amenifikishia salama kisanduku chako cha kupima unyevu wa udongo. Nilichomeka misumari yake miwili kwenye tuta la nyanya kama ulivyoagiza. Baba alikuwa anamwagilia. Ghafla sauti yako ikatoka humo: "Kaka! Nimeshiba! Funga maji!" Shangazi, Baba alidondosha mpira wa maji akageuka kukutafuta. Alipogundua ni kisanduku, akasema, "Huyu hata akiwa mbali lazima anipangie!" Akaendelea kumwagilia, tena kwa nguvu zaidi.

Nilicheka, lakini kuna jambo linaninyima raha. Kijito kimepungua. Maji ya mfereji hayafiki tena kwa Mama Pacha, ambaye shamba lake liko mwisho kabisa, na kabichi zake zimejikunja kama ngumi. Dawa anayoiona Baba, ambaye ndiye mwenyekiti wa wakulima wa mfereji, ni kununua pampu kubwa ya dizeli. Mkutano wa kuamua ni mwisho wa mwezi huu. Pampu hiyo ikija, sisi wa juu tutavuta mpaka tope, na Mama Pacha atabaki na mfereji mkavu. Mimi naona tunamwagilia udongo ambao tayari umelowa. Lakini nani atanisikiliza? Hata nikiitwa kula najibu kwa kichwa.

Nisaidie, Shangazi.

Binti yako,
Kimya


11 Juni

Kwa binti yangu Kimya,

Marahaba, tena kubwa. Mimi mzima, macho bado ni mawili. Hapa kibandani wenzangu wananicheka: fundi simu mzima anaandikiwa barua! Nimewaambia wana wivu.

Baba yako hanishangazi. Tangu utotoni, nikimwambia mvua inakuja, yeye anaanika nguo. Sauti yangu kwake ni mwaliko wa ugomvi. Basi itoe, weka yako. Bonyeza kitufe chekundu, subiri mlio, sema maneno ya shibe. Kisha cha bluu, sema ya kiu. Kazi imekwisha.

Halafu tandaza nyasi kavu kwenye tuta moja, jingine liache wazi, upime yote mawili. Ukimnunia mwenyekiti atakuona mtoto. Mwonyeshe udongo.

Na hicho kisanduku nimekiunda kwa mabaki ya simu za watu watatu wasiojuana, kwa hiyo kitunze kama mche.

Shangazi yako


19 Juni

Kwa Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na wenzako wa kibandani pia, hata hao wenye wivu. Sisi wazima.

Kurekodi kulinishinda kabisa mwanzoni. Nilikuwa nikisikia ule mlio, nakiweka chini. Mwishowe nilijifungia stoo, katikati ya magunia, nikanong'ona: "Nimeshiba, asante." Na cha bluu: "Naomba maji kidogo."

Asubuhi Baba alifika kwenye nyanya na mpira wake na jembe. Kisanduku kikanong'ona. Baba akaruka nyuma, jembe juu: "Nani huyo? Toka humo!" Nilikuwa nyuma ya banda la kuku, nimejiziba mdomo. Alipotulia alisema, "Hata mashine yako ina aibu." Lakini Shangazi, alifunga maji! Nilimuuliza kwa nini, akanijibu, "Mtu amekwambia ameshiba, na asante juu. Utamlazimisha?"

Tuta lenye nyasi linashiba muda mrefu sana, unyevu hautoki. Lile la wazi linaomba maji haraka. Nilimwambia Baba hayo yote, mpaka nikajishangaa. Akasema, "Kisanduku kimoja hakiongozi wakulima. Kama una hoja, ilete mkutanoni."

Kwa hiyo nimepanga. Mkutano utafanyika pale shambani. Nitachomeka misumari mbele ya watu, kisanduku kitaongea, na mimi nitasimama nyuma ya Mama Pacha, ambaye ni mnene wa kunitosha. Bila kisanduku sina mkutano. Usiwe na wasiwasi, nakitunza kama mche, kama ulivyosema. Nimekifunika chote kwa nyasi kavu ili jua lisikiunguze.

Binti yako,
Kimya


24 Juni

Kimya!

Hujambo? Mimi sijambo, ila moyo unanienda mbio. Naandika nimesimama, dereva ameshawasha gari.

UMEKIFUNIKA NYASI? Mwanangu, kile kioo cheusi kilicho juu si pambo! Ndicho kinachokula jua, na jua ndilo chakula cha betri! Unakilaza njaa! Kifunue leo hii.

Nimempigia baba yako mpaka nimechoka. Simu yake inaita tu, bila shaka imo kwenye koti, na koti liko kwenye msumari.

Kosa ni langu, mimi na mche wangu. Kimbia!

Shangazi


9 Julai

Kwa Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa hofu. Sisi hatujambo, Baba hajambo hata goti.

Lori liliharibika njiani. Barua yako imefika baada ya mkutano.

Watu walikuja wote. Baba alizungumza kuhusu pampu, wengi wakatikisa vichwa kukubali. Kisha akasema, "Binti yangu ana mashine ya kutuonyesha." Nilichomeka misumari. Kimya. Nikachomoa, nikachomeka tena. Kimya. Mtu mmoja akasema, "Mama yake ni nani hiyo mashine? Imemrithi!" Wakacheka. Nikamtazama Mama Pacha. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshika kabichi yake moja, ndogo kama yai.

Shangazi, sijui miguu ilitoka wapi. Nilichukua jembe nikachimba kwenye tuta la nyasi, ambalo Baba alikuwa hajalimwagilia tangu kisanduku kimwombe aache. Nikachota udongo, nikamwekea Baba mkononi, nikamwambia, "Finya." Akafinya, ukawa tonge, bado una unyevu. Nikachimba kwenye shamba letu kubwa, tunalolimwagilia kila siku. Tope tupu, mizizi imeoza, inanuka. Nikaweka na hilo kwenye mkono wake wa pili.

Akaniuliza, "Sasa huu unasemaje?"

Nikasema, "Nimeshiba, asante." Kwa sauti yangu. Hata waliokuwa ng'ambo ya mfereji walisikia.

Baba alicheka mpaka tope likamwagikia viatu. Akasema, "Wajumbe, mmesikia. Huyu mimi nimeshindwa kumbishia." Habari ya pampu imewekwa kando mpaka msimu uishe. Kwanza kila mtu atandaze nyasi, na hakuna kufungulia maji kabla udongo haujapimwa. Wawili walinuna wakaondoka, sitakuficha. Lakini juzi maji yalifika kwa Mama Pacha. Wanawe mapacha walirukaruka ndani ya mfereji mpaka mama yao akawafukuza na ufagio, naye huku anacheka.

Kisanduku nimekifunua, kimekula jua, kimeamka. Sasa kinaazimwa shamba kwa shamba, na wakija kukichukua wananiita na mimi. Nyumbani Baba ameacha kuniita Kimya, ananiita Redio.

Ila kuna malalamiko. Wanasema kisanduku kinanong'ona, hawakisikii. Baba alisema, "Usimwandikie shangazi yako arudishe sauti yake, nitahama." Basi nitarekodi upya mwenyewe. Safari hii sitaingia stoo. Nitarekodia pale pale mferejini, asubuhi, watu wakiwapo.

Au nikupigie kwanza, ujaribu kunisikia? Jumapili mchana. Nitaongea mimi.

Binti yako,
Redio