Mia Tisa kwa Wamama wa Cimpunda

Maman Nafisa wa radio, nakusalimia, na mbele ya kuendelea nakuomba unisikilize mupaka mwisho, kisha unikemee vile unataka, maana bibi yangu Noëlla, mama wa watoto wangu, amekwisha kunikemea na bado sijui nifanye nini.

Niko mwalimu wa hesabu hapa Bukavu, niko na miaka makumi tatu na moja na watoto wawili, lakini mushahara wa mwalimu tangu vita vianze wewe mwenyewe unaujua, tunausikia tu, hatuuoni, basi mwaka jana, 2001, fundi mumoja wa ONG, shirika la musaada, alipokuwa anarudi kwao aliniachia kitabu cha kutengeneza site internet, nikakisoma mupaka kikachanika, na sasa natengeneza site za watu ndani ya cyber moja ya Ibanda ambako wananipunguzia bei saa za asubuhi. Kazi naiweza. Bei ndiyo siiwezi.

Muteja wa kwanza alikuwa Papa Polycarpe, mwenye hoteli ndogo Nyalukemba, akaniuliza, "Mwalimu, ni bei gani?" nami nikasikia haya, nikasema, "Papa, utanipatia kile roho itakuambia," na roho yake ikamuambia dola makumi mbili na bia mbili za baridi, kwa kazi ya juma tatu.

Nikajisemea sasa nitakaza moyo, nikaenda ku ONG moja ya wageni iliyokuwa inatafuta mutu wa kuitengenezea site, logisticien, yule anayesimamia ununuzi wao, akauliza bei, nikasema dola hamsini, akacheka kwa adabu: "Monsieur Constantin, hiyo ni bei ya mutu asiyejua kazi." Kazi akaipatia kampuni moja ya Kampala, na Maman, nakuomba usicheke, nyuma ya juma mbili mutu wa ile kampuni akaniandikia mimi, kama naweza kumufanyia ile kazi kwa dola makumi nane, nikaifanya, ndiyo, niliifanya, watoto walitaka kula, na siku niliyopeleka kazi ku bureau ya ile ONG ndipo secrétaire akaniambia kwamba Kampala walilipwa dola elfu moja na mia tano.

Sasa sikia ubaya wangu. Siku ile ile nafika nyumbani na hasira, namukuta Maman Valérie ananingoja. Yeye iko présidente wa wajane wa Cimpunda, wako makumi tatu na sita, wanasuka vikapo, na soeur mumoja wa misioni aliwaambia kwamba Ubelgiji kuna watu wangevinunua kama wangeviona ku internet. Akaniuliza bei, nikatupa tu, "Dola mia tisa." Nilingoja apige kelele, aombe nipunguze kama watu wote, lakini alifunga kitambaa chake vizuri, akasema, "Basi iko kazi ya maana. Tutatafuta." Juma lililopita akarudi na mia tatu na makumi ine ndani ya kipande cha kitenge, noti za moja moja na za tano tano, wamevunja likilimba yao, ile sanduku wanachangia kila juma ili mumoja wao apate mutaji, na kuna mama aliuza mbuzi yake.

Noëlla alipoona yale makuta ya wajane akasema, "Constantin, haya hayatalala mu nyumba yangu." Mudogo wangu Mugisho anasema biashara ni biashara. Nikapanda Cimpunda kuyarudisha, nikasema, "Maman Valérie, nitawafanyia bure," naye akasimama mulangoni ananiangalia. "Juzi mia tisa, leo bure? Unatuonea huruma, ama kazi hauijui?" Akakataa kuyapokea. Mupaka leo nayatembeza ndani ya sakoshi ya masomo. Bei ya haki inatoka wapi, Maman, na nani anaijua?

Constantin, Ibanda

*Maman Nafisa anajibu:*

Constantin mwanangu, nimekusikiliza mupaka mwisho. Sasa wewe unisikilize.

Mbele ya kuingia mu radio niliuza vitenge ku soko ya Nyawera miaka kumi na saba, na sijaona mutu anatafuta bei namna hii. Kwa Papa Polycarpe ilikuwa haya, kwa ONG ilikuwa woga, kwa wajane hasira, na sasa unawaletea bure kwa sababu ya aibu. Hata mara moja haukuhesabu. Na uko mwalimu wa hesabu!

Ile ya Kampala imeniuma, sikufichi. Lakini wamama wa Cimpunda wanajua wapi habari ya Kampala? Uliwatoza kosa la mutu mwingine. Na Maman Valérie ana haki kukukatalia: kitenge nikikuuzia leo dola kumi na kesho nikakupa bure, utakigeuza geuza ukitafuta wapi kimetoboka.

Chukua karatasi. Andika kazi itakula siku ngapi. Tuseme kumi na mbili. Andika nyumba yako inataka ngapi kwa siku, chakula, nyumba, masomo, pamoja na zile siku hauna kazi. Tuseme dola kumi na tano. Hapo iko mia moja na makumi nane. Ongeza cyber makumi ine, jina la site kwa mwaka na disketi makumi tatu, transport kumi. Mia mbili na makumi sita. Hiyo ndiyo bei, kwa mujane, kwa hoteli, na kwa ONG. Kazi ikiwa kubwa, siku zinaongezeka, si bei ya sura ya mutu. Ukitaka kuwapunguzia, punguza, lakini uiandike wazi. Na yule wa Kampala akiandika tena, umutumie karatasi ya namna hiyo hiyo.

Kisha panda Cimpunda na makumi nane yao mukononi, ile inayobakia ku mia tatu na makumi ine, usome kila mustari kwa sauti, maana si wote wanajua kusoma. Wakibishana, jibu. Na Maman Valérie akikuuliza mia tisa ilitoka wapi, usimutafutie uongo.

Wasikilizaji, jibu hili nilimutumia Constantin kwanza nyumbani kwake, mbele ya kulisoma hapa, na Jumatano akapita ku radio kuniambia. Wamama walikaa wote mu kiwanja, wakasikiliza mustari kwa mustari, wakafika ku transport, mumoja akainuka: "Dola kumi, na wewe unakuja hapa kwa miguu?" Constantin akaifuta. Ikabakia mia mbili na hamsini, akawarudishia makumi tisa yao. Ndipo Maman Valérie akauliza lile swali la mia tisa. Constantin akasema yote, Kampala, zile dola makumi nane walizomulipa, na hasira.

"Mwalimu," Maman Valérie akasema, "siku nyingine ukiwa na hasira, utuambie turudi kesho."

Kazi wakaianza Jumatatu iliyofuata.