Mama mukwe kwenye njia ya Kavimvira

Siku ya tatu ya juma, mangaribi

Kumubeba siwezi, na kumupita siwezi.

Leo ndiyo nimeanza kwenda kazini na baiskeli. Nilitoka Kilibula na furaha, upepo wa ziwa kifuani. Mbele kidogo nikamukuta mama mukwe, beseni ya samaki ndagala kichwani.

"Mukwe, iko unaenda Kavimvira?"

"Ndiyo, mama."

"Mungu asifiwe. Miguu inaniuma."

Akaangalia porte-bagage, pale nyuma pa kubebea mizigo. Nifanye nini? Anishike kiuno mbele ya watu wote? Mimi ambaye hata kula mbele yake sijawahi! Na nikimuacha njiani, hiyo nayo ni haya kubwa.

Nikashuka. Nikafunga beseni kwenye porte-bagage, nikasukuma baiskeli mpaka soko, yeye akinifuata polepole. Watu wa moto, wale wa pikipiki, walicheka.

Kazini shefu akaniuliza: "Wenzako wa miguu wamefika. Weye mwenye baiskeli ulikuwa wapi?" Nikashika kazi. Akinifukuza, nitasema ni nini?

Sasa mke wangu ametoka kwa mama yake, anacheka.

"Mama amekusifu sana. Kesho atakungojea palepale, na dada yake."