Mapichi Nje ya Ukuta

Jeju, Agosti 1994

Kaka yangu Yong-il,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba joto la Osaka halijawamaliza. Baba anakohoaje siku hizi? Anakula, au bado anasukuma bakuli akisingizia kushiba? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio una maneno, na nakuomba uisome barua hii dukani kwako, usiisome nyumbani mbele ya Baba.

Nilifika salama. Kama Baba alivyoagiza, nilipita sokoni mjini nikanunua boksi la mapichi, kwa kuwa mama yake aliyapenda tangu zamani, kisha nikapanda basi hadi kijijini. Njia nzima nilikariri maneno yangu kama mtoto wa shule: mimi ni Mi-suk, binti wa Sang-hun, baba yangu ni mgonjwa, anaomba aje amwone mama yake kabla mmoja wao hajaondoka duniani. Basi. Unajua barua zake hazikujibiwa hata moja, ndiyo maana nikatumwa mimi. Siku ya kufika alinichagulia mwenyewe, ile ile aliyotoroka kisiwani akiwa kijana, wakati askari wa serikali walipokuwa wakiua watu vijijini. Alisema siku aliyotoka ndiyo itakayomrudisha.

Mlangoni nilipokewa na mke wa Baba Mdogo, mikono imejaa unga wa kukaangia samaki. Nilipojitaja alinikumbatia, akacheka lugha yangu, eti naongea kama marehemu bibi yake, maneno yangu siku hizi hayasemwi ila na vikongwe. Nikafurahi, kaka, nikajiona nimefika kwetu. Halafu akaona boksi. Alilinyakua akalitua nje ya ukuta wa mawe. "Leo haya yasiingie ndani, mwanangu. Tuna meza ya marehemu jioni, na mapichi yanafukuza roho." Niliona haya, maana hilo hata sisi Baba alitufundisha. Nikauliza marehemu ni nani. Akanitazama, akasema nimsubiri mumewe.

Baba Mdogo Sang-jun ni mwalimu mkuu mstaafu, na anaongea kama bado kuna darasa mbele yake. Nilimsujudia mara moja tu, kwa heshima zote, naye akanichukua nyuma ya nyumba kwenye michungwa. Akanieleza kwamba miaka ile mtu mwenye ndugu aliyekimbilia ng'ambo hakuwa akipewa kazi ya serikali, na polisi walikuwa hawabanduki mlangoni. Yeye alitaka ualimu. Kwa hiyo nyumbani wakamwandikisha Baba kuwa amekufa, na kila mwaka, siku aliyotoka nyumbani, wanamwandalia meza ya marehemu, wanapika na kuisujudia picha yake.

Nilimwambia huyo marehemu yuko Osaka anagombana na redio yake. Akasema anajua. Barua zote alizipata, akazichoma. Kisha akashusha sauti. Alidai Bibi, mama yao, anaamini mwanawe alifia ng'ambo zamani, ameshamlilia akanyamaza, na kwa umri ule nikimwambia leo kwamba yupo hai nitakuwa nimemwua mimi. "Watu nitawaambia wewe ni mtoto aliyemwacha kule. Msujudie baba yako kama wenzio, ule, ulale. Mengine funga mdomo."

Unakumbuka ule Mwaka Mpya nilipokuwa mdogo, nikamsujudia Baba mara mbili kwa kiherehere cha zawadi? Aliruka kutoka kwenye mkeka. "Wewe mtoto! Mara mbili ni ya maiti! Kwani nimekufa lini?" Tulicheka mpaka Mama akatufukuza chumbani.

Jioni ndugu na majirani walijaa. Mlango wa uani uliachwa wazi ili roho iingie. Juu ya meza, nyuma ya samaki na mikate ya mchele, ilisimamishwa picha ya Baba akiwa na sare ya shule, masikio yamechomoza vile vile kama yako. Wanaume walisujudu mara mbili mbili. Kisha Baba Mdogo akatangaza kwa sauti kwamba binti wa marehemu amekuja kutoka Japani kumkumbuka baba yake. Bibi alikuwa amekaa pembeni, ameegemea ukuta, mdogo kama mtoto, macho hayanitoki.

Nilisujudu ya kwanza, nikainuka. Kaka, ningeishia hapo chumba kizima kingeelewa, bila mimi kutamka neno. Nilimtazama Bibi, nikaogopa kumwua, nikamwonea huruma. Nikasujudu ya pili. Watu wakalia, na mimi nikalia nao, nikala chakula cha marehemu nikashiba.

Asubuhi nilimkuta Bibi nje ya ukuta, amekaa juu ya jiwe, boksi wazi miguuni, anakula pichi huku maji yake yanamchuruzika mpaka kiwikoni. Nilimwambia taratibu aache, Mama Mdogo asije akamwona, si yanafukuza roho? Akatema kokwa.

"Roho gani? Kwani Sang-hun amekufa lini?"

Anajua, kaka. Anajua tangu zamani; mpiga mbizi mmoja wa hapa kijijini aliyewahi kufanya kazi Osaka alimwona Baba, akaja akamnong'oneza. Nikamuuliza kwa nini basi anaiandaa meza ile. Akasema kumpikia ndicho kitu pekee alichoruhusiwa, basi akampikia. Akisema mwanawe yupo hai, wanamwambia uzee umempanda kichwani, naye anakula mkononi mwa Sang-jun, afanyeje? Alikuwa anangoja mtu wa damu ya Sang-hun aseme mbele ya watu. "Jana uliposujudu moja ukainuka, nikasema haya, mwanangu anarudi. Ukashuka tena."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nilimkimbilia Baba Mdogo akiwa mezani na wageni waliolala, nikasema baba yangu yupo hai na anakuja nyumbani. Hakuacha hata kutafuna. "Jana umesujudu mara ngapi mbele ya watu hawa?" Wote wakanigeukia kunitazama.

Nitarudi na meli ya kwanza. Bibi amenifungia samaki wa jana na mikate ya mchele nimpelekee Baba, sijui nitampaje. Nisalimie wifi, mwambie nauomba uvumilivu wake kwa mgonjwa. Baba akiuliza kama mama yake bado anamkumbuka, mwambie anampikia kila mwaka. Usimwambie siku gani.

Ni mimi dada yako,
Mi-suk