Marehemu Anapuliza Sauti ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Kaondoka. Masanduku mawili na redio. Kahamia kwa kaka yake, eti kwa muda. Kwa muda! Mwanamume mzima anabeba mpaka viatu vya harusi yetu, halafu ni kwa muda.

Nilimuuliza mara moja tu: kuna mtu? Nilidhani atakana, nipate pa kumshikia. Hakukana. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaniambia yupo mwanamke anayepuliza klarineti. Ukumbi wa nyuma wa maktaba, kila Jumamosi. Siku moja alikuwa anapita, akaisikia, akasimama. Akipuliza yule, anasema, moyo wangu unatulia.

Haya. Mimi nimemkanda mgongo, nimemuuguza malaria, nimemzika mama yake kama mama yangu. Moyo haukutulia. Umekuja kutulizwa na bomba.

Sikulia. Nilikwenda kazini nikakata pazia za hoteli kichwa chini, maua yote yanatazama sakafu. Tajiri wangu kaniangalia, kaliangalia jora, akasema: Mama, nenda nyumbani. Nyumbani kuna nini?

Hiyo klarineti yenyewe ni kitu gani? Nimemuuliza fundi wa cherehani ya pili. Kasema ni tarumbeta nyeusi. Hajui naye.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda. Si kwa ugomvi — nimwone tu. Gauni la bluu, wanja, kama vile mimi ndiye ninayekwenda kuposwa.

Viti vya plastiki, ubao, feni isiyozunguka. Mlangoni nikakutana na mwalimu, mzee mrefu mkavu, suruali imeshikwa na suspenda. Karibu, umekuja kujifunza? Nikajibu ndiyo! Mdomo ulinitangulia. Kabla sijajirudi nimeshakalishwa na wanaoanza, nimeshikishwa klarineti ya kuazima.

Kila mgeni anaulizwa swali lilelile: kwa nini klarineti? Nesi mmoja kasema wodini kutwa mashine zinamlilia, anataka kitu kinacholia pale anapotaka yeye. Mlinzi wa benki kasema utotoni aliisikia redioni akadhani ni mtu analia, akamtafuta nyumba nzima, mpaka uvunguni. Hakimu mstaafu kasema daktari kamshauri apulize kwa ajili ya mapafu. Halafu kashusha sauti: na mke wangu haivumilii, nikianza tu anatoka kwenda kwa dada yake. Tulicheka.

Zamu yangu. Nikasema: naipenda sauti yake. Sijawahi kuisikia maishani!

Halafu likaingia kundi la wazoefu. Mwanamke mle ni mmoja, kwa hiyo sikuhitaji kuuliza. Mfupi, mnene kiasi, miwani inaning'inia kifuani, makubazi miguuni. Si mrembo. Angekuwa mrembo ningejua pa kuanzia kumchukia. Wanamwita Pumzi, maana akishika sauti moja haiishi.

Akapuliza. Watu wakanyamaza. Na mimi nikanyamaza — hilo ndilo sitamsamehe.

Jumatano, 19 Machi

Nafanyia mazoezi stoo ya vitambaa, saa ya chakula. Majora yanameza kelele. Bado fundi mwenzangu kauliza kama kuna bata kaingia.

Tatizo ni kidole. Kile ninachovalia subana ya kusukumia sindano kimeota sugu, hakijui kama tundu limezibwa au la. Kazi ya miaka yote imenipa hicho: kidole kisichohisi kitu. Nikamwambia mwalimu. Akasema basi sikiliza, sikio litakwambia.

Kwa nini naendelea? Nimeshamwona. Nilichofuata nimekipata.

Jumamosi, 5 Aprili

Ulimi wangu umepasuka — wa klarineti, kile kipande cha tete kinachotetemeka mdomoni. Pumzi kaona. Akatoa wake kwenye kikasha, akanifungia mwenyewe, akaweka kiganja tumboni kwangu. Pumua hapa dada, si kifuani. Kifuani ni kwa kulalamika.

Mkono wa moto. Nikawaza: mkono huu mume wangu anaujua. Nilitaka kuung'ata.

Nikapumua pale aliponionyesha. Ikatoka sauti. Sauti kweli! Nesi kapiga makofi. Pumzi kafurahi kuliko mimi, mpumbavu yule.

Jumapili, 27 Aprili

Binti yangu kaja mchana. Kaona klarineti mezani. Mama, umri huu? Nikamwambia umri huu ndio nina nafasi, kitanda kizima changu. Hakucheka. Nikamuuliza, baba yako hajambo? Hajambo. Unamwona? Mara mojamoja. Akaanza kuosha vyombo ambavyo nilishaviosha.

Jumamosi, 17 Mei

Ngoja niandike taratibu.

Leo mwalimu kawagawa watu wawiliwawili kwa ajili ya onyesho. Mimi kaniweka na Pumzi. Yeye sauti ya kwanza, mimi sauti ya pili. Hakimu kasema hongera. Hongera gani! Nilishakuwa sauti ya pili kabla sijajua kushika hiki kidude.

Baada ya mazoezi kaninunulia chai pale mgahawani mkabala na maktaba. Akaanza kunisimulia, maana mimi nimekuwa rafiki yake — ndivyo alivyosema, rafiki yangu Mama Pazia, jina walilonibandika pale. Ana mchumba. Watafunga ndoa baada ya onyesho. Mtu mpole, mtaratibu. Alisimama dirishani siku moja anasikiliza na machozi yanamtoka.

Nikauliza, sauti yangu ikiwa kavu kabisa: hana mke?

Ni mgane, masikini. Mkewe alikufa. Presha. Alianguka jikoni.

Nimekufa! Nimekaa pale na kikombe mkononi, nimekufa. Jikoni! Hata kifo hakunitafutia sebuleni.

Nikasema pole. Sijui pole ya nani. Yeye anaendelea: hapendi kumzungumzia, anaumia. Lakini binti yao ameshakuja kunisalimia. Mtoto ana adabu yule. Nilimpa pole ya msiba wa mama yake, akainamisha kichwa, akasema ahsante.

Akasema ahsante.

Chai sikuimaliza. Nilisema tumbo.

Jumapili, 18 Mei

Nilikwenda kwa binti asubuhi, sikubisha hodi. Nilimkuta anasuka nywele za jirani. Nikamwambia jirani atupishe, akatoka na kichwa nusu.

Nimekuja, nikasema, uniambie nilizikwa wapi, nikapapalilie.

Alijua palepale. Hakuuliza nazungumzia nini. Akalia. Baba alinibana, Mama. Kasema ni maneno tu, yataisha, atamweleza mwenyewe wakishazoeana. Kasema nikimuumbua hatonitazama tena. Na yule mama akanishika mikono yote miwili — ningesema nini?

Ungesema mama yangu mzima, anashona pazia.

Akafuta macho. Halafu akasema jambo ambalo naliandika ili siku nikitaka kumsamehe haraka nilisome kwanza. Akasema: nilidhani hutajua.

Basi! Hutajua. Mtu akikufa hajui, ni kweli. Nilimzaa kwa kupasuliwa, huyo.

Nikamwita jirani amalizie nywele zake, nikaondoka.

Alhamisi, 29 Mei

Kapiga simu. Mume wangu. Kuuliza koti la kijivu, eti ana shughuli. Marehemu kapokea, marehemu kasema koti lipo. Nikamwambia lifuate mwenyewe. Kasema atamtuma binti.

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikakata simu, nikatoa klarineti, nikapuliza sebuleni dirisha wazi mpaka midomo ikafa ganzi. Mtoto wa ghorofa ya juu akagonga sakafu. Agonge tu.

Jambo la aibu: ni tamu. Nilipoanza nilitaka kuona kilichomnyakua. Sasa ikipita siku sijaishika, meno yanawasha. Nimekichukua kitu chao nikakipenda. Ningekipenda kitu changu mwenyewe, lakini sikuwahi kuambiwa ninacho.

Jumamosi, 14 Juni

Tumeupata wimbo. Wote, mwanzo mpaka mwisho. Pale mwishoni sauti zetu zinakutana, yangu chini, yake juu, na ukisikia vizuri huwezi kujua nani anapumua. Mwalimu kavua miwani akafuta. Kwa mtu yule, hiyo ni hotuba.

Tulipokuwa tunafunga vyombo Pumzi kaniambia mambo mawili.

La kwanza, mchumba kamwomba apunguze klarineti wakishaoana. Nyumba inahitaji utulivu, kasema. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Moyo umeshatulia, sasa bomba la nini! Pumzi akacheka kidogo kwa kunifuata, lakini macho hayakucheka. Akauliza, wako alikuwa hivyo? Nikasema wangu alikuwa hivyohivyo. Hivyohivyo kabisa, dada.

La pili. Anataka kumshtukiza siku ya onyesho. Atatangaza kwamba wimbo wetu ni wa kumkumbuka marehemu mkewe. Ili ajue kwamba mimi simwonei wivu aliyenitangulia, kasema. Mimi namheshimu yule mwanamke.

Hapo ndipo pa kusema. Nafasi gani nyingine nilikuwa naingoja? Hakimu yuko nje, Nesi kaondoka, tuko wawili, kanishika mkono. Nikafungua mdomo.

Nikasema: wazo zuri.

Nimejiuliza njia nzima kwa nini. Ningependa kuandika kwamba namhurumia. Uongo. Ningependa kuandika kwamba nataka mume wangu aaibike hadharani. Hilo lipo, na lina ladha, lakini siyo lote. Ni kwamba nikisema, hatutapuliza. Huo ndio ukweli wangu, na ni mchafu. Nitakubali kuwa maiti ili nipulize sauti ya pili.

Jumamosi, 5 Julai

Naandika nyuma ya jukwaa, daftari juu ya kifuko cha klarineti. Hakimu anapuliza sasa. Anakwenda polepole mno, Mungu ambariki, anatupa muda. Mkewe yuko mstari wa mbele! Kaja kweli, na hajatoka nje.

Nimechungulia penye upenyo wa pazia. Pazia lenyewe baya, pindo limeshonwa na mtu aliyekuwa anawahi. Mume wangu yuko mstari wa tatu, pembeni. Koti la kijivu. Binti yuko kando yake. Baba mtu ana karatasi ya ratiba mkononi, lakini mle tumeandikwa kama tunavyoitwa humu: Pumzi na Mama Pazia. Amekaa ametulia, miguu mbele, kama mtu aliyelipiwa.

Binti hajatulia. Nadhani amekumbuka klarineti ya mezani. Anatazama pazia.

Pumzi kavaa gauni jipya la kijani, amesahau makubazi miguuni. Mikono baridi leo. Nilimsugulia. Kasema, dada, nitatangazaje? Niseme tu marehemu, au nimtaje jina?

Nikasema, mtaje.

Akaweka kiganja mdomoni. Yaani, kasema, kumbe sijawahi kumuuliza. Mwaka mzima namwombea mtu nisiyemjua jina! Aibu gani hii. Halafu akanitazama. Akanitazama muda. Na wewe? Mama Pazia, Mama Pazia — wewe hasa unaitwa nani?

Nikamwambia jina langu. Lote, na la baba yangu.

Zuri, akasema. Ngoja basi nikamuulize la marehemu kabla Hakimu hajamaliza. Akanipa klarineti yake niishike, akapita mlango wa pembeni.

Nazishika zote mbili. Namwona. Anapita kati ya viti anaomba radhi, miwani inayumba kifuani. Amefika. Ameinama sikioni mwake, mkono begani. Mume wangu anatabasamu. Sasa hatabasamu. Anakuna shingo, anatazama saa, anamtazama binti amsaidie.

Binti amesimama.

Pumzi bado ameinama. Anauliza tena. Hakimu amefika mstari wa mwisho wa wimbo wake.