Kipande cha Baba

Kasongo, mvua haituachi

Yaya Mwamini,
Wewe na watoto muko salama kule Wamaza? Mimi roho haitulii. Leo munganga wa hospitali alipitisha mupira mwembamba mu koo ya Baba mpaka ndani ya tumbo, akatoa kipande cha ile kansa ya tumbo. Kitapimwa Kinshasa. Anasema iko jeni moja inaamuru kansa ikue. Kama hiyo jeni imezidi nguvu, kansa itaenda mbio.

Baba aliuliza tu: "Mutanirudishia nyama yangu? Sisi Waislamu, chenye kinatoka mu mwili kinazikwa."

Sasa Baba anataka uchimbe kashimo nyuma ya jiko yako, ka kuzikia kile kipande. "Umwambie kadogo," anakaza. "Asichimbe kakubwa."

Tunakupenda sana, Yaya. Tafazali, chimba kadogo.

Mudogo wako, Asha