Panya Saba Ndani ya Ndoo

Jumatano, Endamarariek

Saba! Asubuhi nimewakuta wamezama kwenye ndoo.

Mama mkwe alitaka tuweke sumu kwenye stoo ya mbegu. Nilikataa. Neema wangu ana miaka miwili, kila kitu anatia mdomoni. Jana nikapitisha waya kwenye chupa, nikaipaka karanga za kusaga, nikaitega juu ya ndoo yenye maji. Panya akiikanyaga inazunguka, anatumbukia.

"Mama Neema, panya hawachezi bembea," mama mkwe alinicheka.

Maharage yameliwa karibu debe zima na mvua iko karibu. Hilo linanitia wasiwasi. Lakini yaliyobaki nitayapanda.

Leo mama mkwe alichungulia ndoo. Kisha taratibu, "Na chumbani kwangu utanitegea lini?"

Nimeshamtegea.